Bili ya gesti: Mgeni asisubiri basi ndipo ahesabu

KILA mwaka, kuanzia Juni 28 hadi Julai 13, nyumba za kulala wageni za Kurasini, Keko, Mtoni na Temeke hujaa. Maonyesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, maarufu kama Sabasaba, hufanyika katika viwanja vya Mwalimu Julius Nyerere, Barabara ya Kilwa, na wakulima, wasindikaji na wafanyabiashara wadogo kutoka mikoani hutafuta vyumba karibu na hapo ili wasipoteze nauli na muda kwenye foleni.

Lakini si Sabasaba pekee. Kurasini ni jirani wa bandari, na mtu aliyeagiza gari, mashine ya kukoboa au mtumba hukaa hapo akisubiri wakala wa forodha amalize kazi. Wapo wanaofuata ofisi za Uhamiaji, wanaoleta mazao soko la Temeke Sterio, na siku ambazo Simba na Yanga wanakutana Uwanja wa Mkapa hata chumba cha uani hakipatikani.

Wageni hao wana kero moja inayofanana, nayo ni bili isiyolingana na kile walichotumia. Huzungumzwa sana ndani ya basi wakati wa kurudi nyumbani, wakati ambao hakuna tena mtu wa kulalamikiwa, na kwa sababu hiyo wenye nyumba wengi huamini kwamba tatizo halipo.

Chukua mfano wa mkulima wa ufuta kutoka Lindi anayelala siku tano katika chumba cha Sh35,000. Hesabu yake ni Sh175,000. Ameongeza dobi Sh5,000, na siku ya kwanza alitoa malipo ya awali ya Sh50,000. Anapaswa kumalizia Sh130,000. Asubuhi ya kuondoka anapewa karatasi inayosema Sh229,000. Ukiichambua unakuta siku sita badala ya tano, chakula cha Sh14,000 kilicholiwa na mgeni wa chumba cha jirani, na yale malipo ya awali hayaonekani popote. Tofauti ni Sh99,000. Kwa mtu mwenye mtaji wa Sh500,000 hiyo ni karibu sehemu moja ya tano ya mtaji wote, na imepotea bila kuibwa na mtu yeyote.

Neno hilo la mwisho ni muhimu. Wageni wengi wakiona bili ya namna hiyo huanza na neno "wezi", sauti inapanda, na mhudumu naye anajihami. Wizi upo, hakuna anayekataa. Hata hivyo, makosa mengi ya bili za gesti yanatokana na daftari baya. Mhudumu wa mchana anaandika kwenye daftari la kaunta, wa usiku anaandika kwenye kipande cha karatasi, jikoni wana daftari lao, baa wana lao, na mwisho wa yote mtu wa nne anajumlisha. Wahenga walishasema kwamba mali bila daftari huisha bila habari, na gesti ni mali kama mali nyingine. Inashangaza kidogo kwamba hali iwe hivyo katika eneo ambalo kituo chake cha daladala kinaitwa Uhasibu, kwa sababu ya chuo cha fani hiyo kilichopo hapo hapo barabarani.

Kosa linaloongoza kwa ubishi ni hesabu ya siku. Zipo nyumba zinazohesabu saa 24 tangu mgeni alipoingia. Zipo zinazosema siku inakwisha saa 4 asubuhi, awe aliingia saa ngapi. Nyingine zinakwenda na tarehe ya kalenda. Kila utaratibu una mantiki yake, na hakuna ubaya wowote ukitajwa mapema. Ubaya ni pale mgeni anapoujua wakati wa kulipa.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2023, mabasi ya mikoani yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku baada ya marufuku iliyodumu tangu miaka ya 1990. Zamani msafiri wa Mtwara au Mbeya alifika jioni, akalala, hesabu ikawa nyepesi. Leo anaweza kushuka saa 9 usiku, saa 11 alfajiri au saa 2 asubuhi. Je, aliyeingia saa 11 alfajiri amelala usiku huo? Mwenye nyumba atasema ndiyo, kwa kuwa chumba kilikaa wazi kikimsubiri. Mgeni atasema hapana, kwa kuwa usiku wake alimalizia kwenye kiti cha basi. Wote wawili wana hoja, na ndiyo maana mapatano lazima yafanyike mlangoni kabla ufunguo haujatolewa.

Aidha, kuna tatizo la saa zenyewe, ambalo watu hulichekea lakini linakula fedha. Mgeni aliyefika saa 4 asubuhi huandikwa 10:00 kwa kuwa ndivyo simu ya mhudumu inavyoonyesha. Jioni anaingia mhudumu wa zamu nyingine, anaona 10 na kuisoma kuwa saa 10 alfajiri, na papo hapo mgeni anaongezewa usiku ambao hakuwapo Dar es Salaam. Tarehe nazo zina mtego wake. Mtu akisema "usiku wa Jumatano" mwingine anaelewa usiku unaotangulia Jumatano, mwingine unaoifuata. Magazeti yana desturi ya kuandika "usiku wa kuamkia Jumatano", na madaftari ya gesti yangefanya vyema kuiga. Saa ziandikwe pamoja na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku. Ni wino kidogo tu.

Chanzo cha pili ni chakula. Kwa Mtanzania wa kawaida hoteli ni mahali pa kula wali na maharage, na chumba cha kulala kinaitwa gesti. Nyumba zenye vyote viwili huandika chakula kwa namba ya chumba, na hapo ndipo samaki wa chumba namba 6 anapohamia kwenye bili ya chumba namba 9, hasa kama mwandiko ni wa haraka. Suala la kifungua kinywa nalo halijakaa sawa. Mgeni anaambiwa "chai ipo", anaamini ni ya bure, anakunywa kwa siku nne, na mwisho anakuta imehesabiwa. Dawa yake ni kulipa chakula taslimu kila kinapoliwa. Mgeni asiruhusu kitu chochote cha kula au kunywa kiandikwe kwenye chumba, isipokuwa kama yeye mwenyewe ametia saini kwenye karatasi ya oda na kuona kiasi.

Malipo ya awali yanapotea kwa namna mbili. Ya kwanza ni ile ya siku zote, yaani fedha taslimu zimepokewa kaunta bila stakabadhi na mhudumu aliyepokea yuko likizo. Ya pili imekuja na simu. Tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, mgeni anaweza kushika chumba akiwa bado Nachingwea, jambo ambalo ni neema kubwa. Tatizo ni kwamba mara nyingi fedha hizo hutumwa kwenye namba binafsi ya mhudumu na si ya biashara. Mhudumu akihama kazi au akisahau kuandika, mwenye nyumba atasema kwa haki kabisa kwamba hajaona kitu. Mgeni ana haki ya kudai lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara, na ujumbe wa muamala wenye kumbukumbu namba usifutwe hata simu ikijaa. Nyumba isiyo na lipa namba ya biashara ichukue angalau jukumu la kujibu kwa maandishi kwamba kiasi fulani kimepokelewa kwa ajili ya chumba fulani na tarehe fulani.

Kodi ni eneo ambalo mgeni hutishwa nalo kirahisi kwa sababu anaogopa kuonekana mkwepaji. Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ilianza kutozwa nchini mwaka 1998 kwa asilimia 20, ikashushwa hadi asilimia 18 mwaka 2009, na kiwango hicho ndicho kilichobaki kuwa cha kawaida Tanzania Bara. Mgeni aliyetajiwa chumba cha Sh40,000 akiongezewa asilimia 18 dakika ya mwisho, analipa Sh7,200 zaidi kwa kila siku. Kwa siku nne ni Sh28,800.

Maswali ya kuuliza ni mawili. Je, biashara hiyo imesajiliwa kwa VAT? Si kila nyumba ya wageni imefikia kiwango cha mauzo kinachotakiwa kisheria, na asiyesajiliwa haruhusiwi kutoza kodi hiyo. Kama imesajiliwa, risiti ya mashine ya kielektroniki itaonyesha namba ya usajili na kiasi cha kodi. Swali la pili ni kama bei iliyotajwa mwanzo ilikuwa pamoja na kodi. Nyumba inayotaja bei ndogo mlangoni na kuikuza kwenye bili haiwezi kujitetea kwamba mgeni alipaswa kujua.

Hapa pana jambo ambalo wageni wenyewe wanalifanya na hawapendi kuambiwa. Mhudumu anauliza, "Unataka risiti au nikupunguzie?" Mgeni anachukua punguzo la Sh3,000 au Sh5,000 na kuona amepata. Kaulimbiu ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ya kudai risiti imerudiwa mpaka imezoeleka masikioni, na wengi huichukulia kuwa ni kilio cha serikali kutaka chake. Ukweli ni kwamba risiti ndiyo ushahidi pekee alionao mgeni. Aliyelipa bila risiti hana siku aliyoingia, hana kiasi alicholipa na hana hata uthibitisho kwamba alilala hapo. Akienda kulalamika popote, swali la kwanza atakaloulizwa litamrudisha nyumbani. Vile vile, mfanyabiashara anayetunza hesabu za safari hawezi kuingiza gharama ya malazi isiyo na stakabadhi, na mwanachama aliyetumwa na kikundi au ushirika atarudi kijijini na maelezo matupu. Nyumba ndogo ambayo hailazimiki kuwa na mashine bado inaweza kuandika stakabadhi ya mkono yenye nakala ya kaboni.

Suala la dola nalo lilikuwa kero ya miaka mingi Kurasini, kwa sababu ya mabaharia na wafanyabiashara wa Zambia na Kongo wanaofuata mizigo bandarini. Baadhi ya nyumba zilitaja bei kwa dola na kisha kumbadilishia mgeni kwa kiwango cha kaunta, ambacho hakikufanana na cha benki wala cha duka la fedha. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zimekataza kutaja bei na kupokea malipo ya bidhaa au huduma za ndani kwa fedha za kigeni, isipokuwa katika maeneo machache yaliyotajwa. Mgeni kutoka nje anabadilisha fedha zake benki au kwenye duka lenye leseni, au analipa kwa kadi. Kwa hiyo bango la bei za vyumba kwa dola halina nafasi tena, na Mtanzania anayeletewa bili ya namna hiyo hana sababu ya kuanza kubishana kuhusu kiwango cha kubadilishia. Adai bili ya shilingi.

Mgeni anayekuta kosa afanye nini? La kwanza ni wakati. Bili iombwe jioni ya siku ya mwisho, si alfajiri wakati bodaboda inanguruma nje na basi linaondoka saa 12. Mtu mwenye haraka hulipa chochote, na kila mhudumu anajua hivyo. Jioni kuna muda wa kuita aliyekuwa zamu, kufungua daftari la jikoni na kulinganisha.

La pili, bili isomwe mstari kwa mstari mbele ya mhudumu, kwa sauti ya kawaida. Kuuliza "siku hii ya sita ni ipi?" kunasaidia zaidi kuliko kutangaza kwamba nyumba nzima ni ya matapeli. Mara nyingi kosa huonekana hapo hapo na kurekebishwa, na karatasi iliyorekebishwa iandikwe upya badala ya kuchorwachorwa. Mhudumu akisema hana mamlaka, aitwe meneja au mwenye nyumba, na simu ipigwe mbele ya mgeni.

La tatu, ikishindikana, mgeni alipe sehemu isiyo na ubishi na apewe risiti yake, kisha aandike kwenye bili ni kipi anachopinga na kwa nini, na abaki na nakala au picha ya simu. Kuondoka kimya bila kulipa chochote si njia. Mwenye nyumba ana haki ya malipo ya chumba kilicholaliwa, na anayepata huduma kwa udanganyifu anaweza kujikuta kituo cha polisi akijibu shauri la jinai, wakati mwanzoni yeye ndiye aliyekuwa na malalamiko.

Baada ya hapo kuna milango kadhaa. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa yuko karibu na husuluhisha mengi kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa anamfahamu mwenye nyumba. Ofisi ya biashara ya Manispaa ya Temeke inahusika na leseni. Aliyenyimwa risiti aende TRA. Tume ya Ushindani inasimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inakataza kumpotosha mlaji, ikiwa ni pamoja na kauli za uongo kuhusu bei. Madai ya fedha yanaweza kufikishwa Mahakama ya Mwanzo. Lakini ukweli usemwe: kwa mkulima wa Liwale mwenye mgogoro wa Sh35,000, kurudi Dar es Salaam kufuatilia kesi ni hasara juu ya hasara. Haki iliyo umbali wa nauli ya siku nzima ni haki ya kwenye karatasi, na ndiyo sababu kazi kubwa inabaki pale kaunta.

Kuna upande mwingine ambao hausemwi. Wakati mwingine bili hukosewa kwa faida ya mgeni. Siku moja imesahauliwa, au soda tatu hazikuandikwa. Mgeni anaondoka akicheka, lakini katika nyumba nyingi pungufu hilo hukatwa kwenye mshahara wa mhudumu wa mapokezi, ambaye kwa kawaida ni binti au kijana anayelipwa kidogo na anayekesha. Anayedai asizidishiwe hana budi kusema pia alipopunguziwa.

Kwa wenye nyumba, ambao nao ni wafanyabiashara wadogo na wengi wao wamejenga kwa mkopo, gharama ya kuweka mambo sawa ni ndogo mno. Inatakiwa daftari moja la wageni wote, lenye ukurasa kwa kila chumba, badala ya vipande vinne vya karatasi. Kila zamu inapokabidhiana, anayeondoka na anayeingia watie saini chini ya hesabu ya siku hiyo. Mgeni anayekaa zaidi ya usiku mmoja aonyeshwe hesabu yake kila asubuhi na atie saini. Fedha za baa zisichanganywe na za vyumba. Aliyewahi kuendesha duka anajua kwamba haya si mageni, isipokuwa katika gesti yameachwa kwa imani kwamba mgeni ni wa kupita na hatarudi.

Imani hiyo si sahihi kwa Kurasini. Mgeni wa Sabasaba hurudi mwaka unaofuata, mara nyingi na wenzake wa kikundi, na anayefuata mizigo bandarini hurudi kila kontena linapoingia. Nyumba zinazojulikana kwa bili safi hushikwa vyumba mapema kwa simu kutoka Masasi, Songea na hata Lubumbashi.

Manispaa nayo ina la kufanya, na haihitaji sheria mpya. Wakati wa kukagua na kuhuisha leseni, maofisa wake hutazama vyoo, mashuka na kitabu cha wageni. Waongeze kutazama jambo moja zaidi, yaani bango kaunta linaloonyesha kwa shilingi bei ya kila aina ya chumba, kama kodi imo, kama kifungua kinywa kimo, na siku inaanza na kuisha saa ngapi. Bango hilo libaki vile vile wakati wa Sabasaba, na kama bei ya msimu ni tofauti basi nayo iandikwe hapo hapo, si kutamkwa kwa kumtazama mgeni viatu. Ukaguzi ukifanyika Mei, wenye nyumba watakuwa na mwezi mzima wa kumtafuta mwandishi wa mabango kabla mabasi ya kwanza ya wageni wa maonyesho hayajaanza kushusha watu Barabara ya Kilwa.